Viganja vya Rangi ya Nyanya

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: tulikuwa paredi, mwalimu wa zamu akasema wote tunyooshe mikono akague kucha. Mimi nikanyoosha ngumi. Akasema fungua. Nikafungua.

Viganja vyangu vilikuwa na rangi ya chungwa.

Hapo ndipo nilipowaacha. Ningekuwa na uwezo ningewaacha hapo hapo moja kwa moja, kwa sababu kilichofuata ni kibaya zaidi.

Na kwa asiyenijua kabisa: mimi ndiye yule ninayekaa kwa Shangazi, mwenye banda nyuma ya kiwanda cha nyanya za kopo. Kiwanda kikishakamua nyanya, yanabaki maganda na mbegu. Wao wanayaita makapi. Shangazi anayaita mali. Anayapokea yakiwa bado yanachuruzika, anayakausha kivulini, anayasaga, halafu anayapasha ndani ya mafuta kwa moto mdogo mpaka wekundu wote unahamia kwenye mafuta. Wekundu huo una jina lake, unaitwa laikopini, na wenye maduka ya dawa wanautafuta wautie kwenye vidonge vya virutubisho.

"Duniani hakuna takataka," Shangazi husema. "Kuna wavivu tu." Akisema hivyo anamwangalia Baba Mdogo.

Mliosoma tangu mwanzo mnaikumbuka hasara yetu ya kwanza, pale Bibi alipoyahurumia makapi kukaa gizani, akayatoa nje akayaanika juani. Jua likala rangi yote. Tukapata unga mweupe, msafi, usio na faida kwa mtu yeyote.

Haya. Turudi paredi.

"Hii nini?" mwalimu akauliza.

Mimi sina kawaida ya kujibu maswali. Siyo kiburi. Maneno yangu huwa yanakuja, ila yanakuja watu wakishaondoka.

"Umepaka rangi?"

Nikatikisa kichwa.

Akanisugua kwa kidole, akakitazama kidole. Safi. Akasugua tena kwa nguvu. Safi. Akarudi nyuma, akajifuta kidole kwenye sketi yake, halafu, kwa uhakika zaidi, kwenye koti la mwalimu mwenzake.

Nyuma yangu mtu akasema, "Karoti."

Likashika hapo hapo. Jina langu la siku zote walichukua mwaka mzima kulijua. Hili walilijua kabla paredi haijavunjwa.

Nesi wa shule akanivuta kope.

"Manjano huanzia machoni," akasema. "Macho yako meupe kama sahani. Toa ulimi. Unakula?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unalala?"

Nikaitikia.

"Unaumwa wapi?"

Nikatikisa.

"Basi wewe huumwi. Lakini hapa hukai. Watoto watatu wameshakuja kuniambia na wao wanajisikia rangi. Nenda nyumbani, urudi na mtu mzima. Au rudi na rangi yako."

Njiani nikakutana na Wa Kuku.

Huyu ni jirani yetu. Kabla Shangazi hajafungua banda, makapi yote ya kiwanda walikuwa wanakula kuku wake, bure. Tangu siku ile hajatusamehe, ingawa hutusalimia kila asubuhi ili tujue kwamba hajatusamehe.

"Mbona saa hizi uko nje ya shule?" Akasimamisha baiskeli. "Umefukuzwa? Hebu lete mkono."

Tatizo langu la pili ni kwamba mtu mzima akiniambia nilete mkono, naleta.

"Mama yangu!" Akaudondosha kama kaa la moto. "Nilisema! Nilisema haya makapi ni chakula cha kuku. Kuku akigeuka rangi nani atauliza? Kuku haendi shule!"

Akageuza baiskeli. Hakuelekea kwake. Alielekea kwetu, mbio, kama mtu anayewahi urithi.

Sasa niwaeleze kwa nini siku ile ilikuwa mbaya kuliko siku zote za kuwa rangi ya chungwa.

Meneja wa kiwanda alikuwa amesema lori la mchana ule ndilo litakaloamua. Kama Shangazi ana mteja wa kueleweka, makapi ni yake msimu mzima. Kama hana, yanarudi kwa Wa Kuku. Na mteja alikuwa anakuja siku ile ile. Mfamasia, mwenye duka la dawa na karakana ya kutengeneza vidonge. Yeye alikuwa na sharti moja tu: aone kwanza watu watatu wa nyumba hii, wa umri tofauti, waliokula mafuta yale kwa muda na hawajapata tatizo.

Hao watatu ni Bibi, Baba Mdogo na mimi.

Likiharibika hilo, Shangazi anarudi kwenye mkanda wa kiwandani kuchambua nyanya mbovu, kusimama kutwa. Kazi hiyo iliwahi kumvimbisha miguu mpaka akawa anavaa viatu vya marehemu babu.

Na hapa ndipo penye siri yangu. Sijawahi kuisema, hata kwenu.

Kila asubuhi na kila jioni Shangazi alikuwa anapaka mafuta mekundu kwenye vipande vitatu vya mkate. Kijiko kimoja, mtu mmoja. Akigeuka kushika birika, kipande cha Bibi kinatua kwenye sahani yangu.

"Kula mjukuu wangu," ananong'ona. "Nyanya nimezila kabla huyu shangazi yako hajazaliwa, lakini sijawahi kufikia hatua ya kula maganda. Na usimwambie mtu."

Shangazi akigeuka tena kurudisha birika, kinatua cha Baba Mdogo.

"Nisaidie mwanangu. Tumbo langu halipatani na mafuta. Na usimwambie mtu."

Bibi alidhani ni yeye peke yake. Baba Mdogo alidhani ni yeye peke yake. Mimi nikaambiwa na wote wawili nisimwambie mtu, na hicho ndicho kitu pekee duniani ninachokiweza vizuri.

Wangeishia hapo isingekuwa taabu. Lakini Shangazi alikuwa anauliza.

"Mama, magoti vipi?"

"Aa, mwanangu! Jana nimepanda ngazi kama msichana."

"Na wewe?"

"Nalala kama gogo, dada," anasema Baba Mdogo. Alikuwa analala kama gogo tangu alipozaliwa, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Shangazi akafurahi sana. Akaacha kijiko cha chai, akaanza kupima kwa kijiko cha mezani. Kwa hiyo kadiri magoti ya Bibi yalivyopona, mimi nilizidi kushiba.

Basi nikafika nyumbani. Baiskeli ya Wa Kuku ilikuwa imelala getini. Shangazi akanidaka nyuma ya banda kabla sijagusa mlango.

"Mikono."

Nikamwonyesha. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Banda lilikuwa linanukia nyanya iliyoanza kukauka, na chekeche lilikuwa bado linaning'inia msumarini linachuruzika.

"Tangu lini?"

Nikainua mabega.

"Kijiko kimoja tu ndicho kimekufanya hivi?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nikamwona Bibi dirishani, kidole mdomoni.

Nikaitikia kwa kichwa.

Shangazi akakaa juu ya gunia. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa mchana.

"Haya," akasema. "Mfamasia yuko sebuleni. Huyo wa kuku yuko mlangoni, anasema amekuja kuazima koleo, nimempa koleo na haondoki. Mfamasia sijui kama amemsikiliza. Vaa glavu."

Ni zile glavu za mpira za kuoshea mapipa, zinafika kwenye kiwiko.

"Nitamwonyesha mwenyewe, lakini acha kwanza nizungumze naye," akasema. "Mimi siyo mtu wa kuficha mambo." Akasema hivyo huku akinivisha glavu ya pili.

Mfamasia alikuwa mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa ameinua chupa ya mafuta kwenye mwanga wa dirisha.

"Shikamoo," nikasema. Yaani midomo yangu ilisema. Sauti ilibaki bandani.

"Rangi nzuri," akamwambia Shangazi. "Umekaushia kivulini?"

"Kivulini tu."

"Siku hizi," Bibi akaongeza.

"Mbona huyu binti amevaa glavu sebuleni?"

"Mchapakazi," Bibi akasema. "Ukimvua analia."

Mlangoni Wa Kuku akakohoa. Shangazi akamwangalia. Wa Kuku akaendelea kulishika koleo.

Mfamasia akaanza na Baba Mdogo. "Wewe umeona mabadiliko gani?"

"Nalala."

"Saa ngapi kwa siku?"

"Zote, ndugu yangu."

Mfamasia akamtazama kidogo, akahamia kwa Bibi. "Na wewe mama?"

"Magoti! Subiri nikuonyeshe."

"Mama, hakuna haja," Shangazi akasema.

"Acha mgeni aone kwa macho yake!"

Akainua gauni kidogo, akachuchumaa. Alichuchumaa vizuri sana. Hata mfamasia alitikisa kichwa kwa heshima.

Tukasubiri.

"Basi inatosha, mama, inuka," mfamasia akasema.

"Nitainuka nikitaka."

Tukasubiri tena. Nje jogoo wa Wa Kuku akawika, akanyamaza, akawika tena.

"Mjukuu wangu," Bibi akaita kwa sauti nyembamba, "njoo unipe mkono. Leo hata hujanisalimia vizuri."

Nikaenda. Akanisalimia kwa nguvu zake zote. Yeye akavuta, na mimi nikavuta. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bibi iliishia sakafuni. Alikaa chini na glavu yangu mkononi mwake.

Na mimi nikabaki nimesimama katikati ya sebule, kiganja wazi.

"Si nilisema!" Wa Kuku akapiga kelele. "Si nilisema, mkasema nina wivu!"

"Una wivu," Bibi akasema kutoka chini.

Mfamasia akaja. Akavaa miwani. Akanipeleka dirishani, akanigeuza kiganja, akakibonyeza, halafu akakinusa.

"Kinanukia nyanya?" Shangazi akauliza. Sauti yake haikuwa yake.

"Kinanukia mpira."

Akanitazama macho, kama nesi. Akaniuliza kama naumwa popote, nikatikisa kichwa.

"Huu siyo ugonjwa," akasema. "Mtu akila rangi hii kupita kiasi, ngozi nayo inaichukua. Akiacha, inaondoka polepole. Nilisoma habari zake, sijawahi kuona kwa macho." Akavua miwani. "Lakini kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni siamini kwamba kinafanya hivi. Na kama kinafanya, mama, mafuta hayo simuuzii hata adui yangu. Wengine, viganja."

Baba Mdogo akatoa vyake. Laini, safi, havijawahi kushika hata mpini.

Bibi akatoa vyake palepale sakafuni. Safi.

"Watu watatu," mfamasia akasema. "Mafuta yale yale, kijiko kile kile. Mbona huyu peke yake?"

Nilipiga hesabu yangu nimesimama pale. Nikinyamaza, mafuta ya Shangazi ni sumu. Nikisema, Shangazi ameleta mashahidi wa uongo. Nikinyamaza tumekwisha. Nikisema tumekwisha pia, tofauti ni nani atakayechukiwa wakati wa chakula.

Bibi akanifinya kwenye kifundo cha mguu. Baba Mdogo akakohoa kikohozi cha kusema kaa kimya. Shangazi hakufanya kitu. Aliniangalia tu, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Binti," mfamasia akasema. "Ulikuwa unakula kiasi gani?"

Maneno yakaja. Kwa mara ya kwanza yalikuja na watu bado wapo.

"Vya watu watatu."

"Sikusikii."

"Nilikula vya watu watatu. Changu, cha Bibi, na cha Baba Mdogo. Asubuhi na jioni. Kijiko cha mezani."

Bibi na Baba Mdogo wakatazamana. Siyo kwa aibu. Kwa mshangao.

"Kumbe na wewe?" Bibi akasema.

"Mama! Na wewe?"

"Mimi mzee! Wewe una sababu gani?"

"Mama," Shangazi akasema taratibu. "Uliniambia umepanda ngazi."

"Nilipanda."

"Nyumba hii haina ngazi, Mama."

Bibi akafikiri. "Ndiyo maana sikuchoka," akasema.

Wa Kuku alicheka mpaka koleo likamwangukia kwenye mguu. Hakuna aliyempa pole.

Mfamasia akairudisha chupa mezani, akafunga mkoba wake. Ule mlio wa zipu nausikia mpaka sasa.

"Nilikuja kusikia watu watatu," akamwambia Shangazi. "Nimekuta mtu mmoja na waongo wawili. Na hayo magoti sijui yametoka wapi, mimi sikuahidi mtu magoti. Hiki ni kirutubisho, siyo muujiza. Leo siagizi kitu."

Shangazi hakujitetea. "Kweli," akasema tu. "Sikujua, lakini nyumba ni yangu."

Mfamasia akafika mlangoni. Akasimama. Akanigeukia mimi, siyo wao.

"Wewe mafuta basi, usiyaguse mpaka hiyo rangi iishe. Lakini mafuta yenyewe ni mazuri, na mtu pekee humu ndani aliyenipa jibu la kweli ni wewe." Akamwangalia Shangazi. "Niko tayari kuanza upya. Kijiko cha chai. Safari hii wanakula hawa wawili, na huyu binti anawatazama mpaka wameze. Na kila Jumamosi anakuja dukani kwangu kutueleza, kwa mdomo wake, mimi na wenzangu. Tunakuwa kama kumi hivi. Yeye akikubali, mwambie meneja wako kwamba mteja yupo."

"Mbele ya watu kumi?" Bibi akasema. "Huyu? Baba, huyu hata kuku anawaamkia kwa kichwa."

"Basi hakuna mteja," mfamasia akasema.

Mimi nilikuwa nimeshatumia maneno yangu ya mwaka mzima. Nilikuwa natafuta pa kukaa.

Honi ikapigwa nje.

Lori lilikuwa limesimama mbele ya banda, maji mekundu yanadondoka nyuma, nzi wamelifuata kama jamaa wa bwana harusi. Dereva akatoa kichwa.

"Mwenye makapi! Nimwage hapa au nimpelekee wa kuku? Semeni haraka, yanaanza kuchacha!"

"Kwangu!" Wa Kuku akatoka mbio anachechemea. "Kwangu, ndugu yangu, geuza!"

Dereva hakugeuza. Alimwangalia Shangazi.

Makapi hayangoji. Yakilala bila kutandazwa, kesho ni uchachu mtupu. Akiyapokea bila mteja, yatamwozea mlangoni na meneja hatamletea tena. Akiyakataa, msimu umekwenda, na viatu vya babu bado viko chini ya kitanda.

Shangazi akatoka mpaka kizingitini. Akalitazama lori. Akamtazama mfamasia, mkoba begani. Akamtazama Bibi, bado yuko sakafuni na glavu yangu, na Baba Mdogo anayejifanya anamwinua.

Mwisho akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Muulize huyo," akamwambia dereva. "Leo ndiye mwenye mdomo."

Wote wakageuka. Hata Wa Kuku akaacha kuchechemea.

Dereva akanitazama juu mpaka chini, mkono mmoja wa chungwa, mkono mmoja wa mpira.

"Haya binti," akasema. "Nimwage?"

Nikavua glavu ya pili, nikafungua mdomo.